Mgao wa Jembe

Siku hizi neno mgao likitajwa kwenye redio, majirani zangu hapa Uyole huguna. Wanajua kinachofuata ni giza, au bomba kukauka hadi keshokutwa. "Mgao tena!" wanasema, na kila mtu anakimbilia ndoo zake. Mimi naguna pamoja nao, maana mishumaa nanunua kama wao. Lakini neno lenyewe likipita sikioni mwangu huja na mlio wa maji yanayopenya kwenye matete, na inabidi nikae kidogo.

Nilipokuwa msichana neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na maji. Kwetu milimani maji hayakugawiwa. Mvua ilinyesha mpaka tukaichoka, ukungu ulilala juu ya viazi hadi karibu na adhuhuri, na kila bonde lilikuwa na kijito chake. Mgao ulikuwa jambo la chungu. Mama alipakua maharage, na sisi watoto tulikodolea macho upawa wake kwa makini kuliko tulivyomtazama mwalimu. Shuleni, kabla sijatolewa nikamsaidie mama kulima, nilijifunza hesabu za kugawanya. Mwalimu aliandika ubaoni, tukagawanya, na mara nyingi kulikuwa na kitu kinachosalia pembeni, yeye akikiita baki. Nilikionea huruma kile kitarakimu kilichosimama peke yake. Hesabu nyingine nimezisahau.

Mume wangu alikuja milimani na lori la mchele. Watu wake walikuwa wa Iringa mjini, Waislamu, babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, na mama yake alizaliwa na mwanamke wa Kihehe. Miaka ile ya hamsini, watu wa kila kabila walikuwa wanateremkia bonde la Usangu kuchimba mifereji na kulima mpunga, na yeye na mama yake walikuwa wamehamia Rujewa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliuza mchele kama anayeomba radhi. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilibadili dini nikamfuata, na baba yangu hakusema nami mpaka viazi vikapandwa na kuvunwa. Sitasema kwamba niliona nuru. Nilimfuata mtu, na dini yake nikaikuta nyumbani kwake, nikaizoea taratibu, hata leo naswali.

Rujewa ilinishangaza kwa ubapa wake. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo jicho halina pa kugonga. Mchana ardhi ilitetemeka kwa joto, na ng'ombe wa Wasangu walionekana kwa mbali wakitembea juu ya ziwa ambalo halikuwapo. Mara nyingi nilisimama mlangoni nikiwatazama wale ng'ombe wakielea, mpaka mama mkwe akaniita, "Wewe, ndoto zitakuunguzia wali!"

Huko ndiko nilikojifunza mgao mwingine. Mto ulitoka milimani, pengine na mvua ya kwetu ndani yake, na watu waliuzuia kwa miti na mawe na majani mahali walipopaita banio. Hapo mfereji mkubwa ulianza, na kutoka kwenye huo mifereji midogo ilichepuka kwenda kwenye majaruba ya kila mtu, vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta. Maji yalikwenda kwa zamu. Sheria haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Aliyesafisha kipande chake cha mfereji kabla ya mvua ana mgao. Asiyesafisha hana, awe nani. Na zamu yako ikifika lazima usimame mwenyewe kwenye mchepuko wako, pale mfereji wako unapoanzia, jembe mkononi, ndipo ufunguliwe. Kama ugonjwa au safari imekuita, unalisimika jembe lako pale mchepukoni, mpini juu, na maji yanafunguliwa kwa ajili ya jembe kama vile mwenyewe yupo.

Mchepuko wetu ulikuwa nyuma kabisa ya ua wetu wa matete. Mwaka ule mume wangu alisafisha kipande kirefu, kutoka kwenye jiwe jeupe mpaka kwenye mkuyu, akirudi nyumbani na tope hadi kwenye nyusi. Mpunga tulipandikiza pamoja, migongo imeinama, yeye upande huu mimi upande ule, tukikutana katikati. Ulikuwa umeanza kushika rangi ya kijani kile kizito alipopatwa na maumivu ya tumbo. Mama mkwe alimchemshia kila jani alilolijua. Asubuhi moja lori la mpunga lilikuwa linapanda kwenda Iringa, wakasema wampeleke hospitali ya misheni kule Tosamaganga. Kabla ya kupanda alizunguka nyuma ya ua, anatembea kama mzee, akalisimika jembe. Nilikuwa nimemshika mkono.

"Nitarudi kabla halijaegemea," alisema.

Habari ilirudi na dereva yuleyule. Alisimama nje ya ua akavua kofia, na mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akauliza, "Mbona huyu haongei?" Baba zake wadogo walikuwa wameshamzika Iringa mjini, kama dini inavyotaka, bila kuchelewa. Sikuuona uso wake wala kaburi lake. Nilichokuwa nacho ni jembe lile nyuma ya matete, ambalo niliweza kuliona kidogo nikiweka jicho kwenye upenyo.

Kisha nikaingia eda. Kwetu milimani mjane hulia, watu hula, na matanga yakiisha anarudi shambani kwa sababu magugu hayajafiwa. Nilidhani nitafanya vivyo hivyo. Mama mkwe alinivalisha nguo nyeupe akanikalisha chini.

"Miezi minne na siku kumi," akasema. "Hutoki uani. Husemi na wanaume wa nje. Mimi nilikaa, mama yangu alikaa."

"Na mpunga, mama?"

Alinifunga kitambaa kichwani, akakaza sana, kisha akalegeza.

Siku za eda sizikumbuki moja moja. Zimeyeyukiana. Nakumbuka mwanga ukipita kwenye matete na kuchora mistari miguuni mwangu, mistari ile ikitambaa mpaka jioni. Nakumbuka kwamba nilianza kuijua dunia kwa masikio. Nilijua ng'ombe wamepita, nilijua nani anatembea kwenye njia kwa mchakacho wa ndara zake. Zamu yetu ilipofika bado mvua zilikuwapo na mto umejaa, kwa hiyo nani angejali jembe la nani limesimama wapi? Maji yaliingia, nikayasikia yakinong'ona, na nilifumba macho nikamwona mume wangu amesimama mle na suruali imekunjwa.

Mvua zilikatika mapema. Mpunga ulikuwa unaelekea kubeba mimba, na wakulima wanajua maji yakikosekana wakati ule unavuna mapepe, maganda matupu ya kupeperusha na ungo. Ule mpunga ndio uliokuwa chakula chetu na mbegu yetu. Mama mkwe hakuwa na mtoto mwingine. Mimi sikuwa na mtoto kabisa.

Alasiri moja nilisikia ndara nyingi zikija na kusimama nyuma ya ua. Walikuwa wanaume wa mfereji, wanapanga mgao mpya kwa kuwa mto umepungua. Niliitambua sauti ya mzee wa mfereji, Msangu mmoja mwenye koo kavu, na sauti ya jirani yetu ambaye majaruba yake yalifuata yetu. Huyo alikuwa rafiki wa mume wangu.

"Jembe hili ni la nani?" mzee aliuliza.

"La marehemu," mtu akajibu.

Kisha jirani yetu akasema. "Mzee, mimi sifichi. Huyu tulikula naye sahani moja. Lakini mto umebaki mkojo wa mbuzi. Mpunga wangu unabeba mimba hivi leo, na wanangu wanaangalia chungu. Maji ni ya mtu aliye hai. Jembe la maiti tulinyweshe la nini?"

"Kweli," akasema mwingine. "Na mwenye nyumba yuko ndani, hatoki."

Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao, matete katikati. Mikono yangu ilijua jembe kuliko mikono ya wengi pale. Ningeweza kusimama na kutoka. Nilitazama nguo yangu nyeupe nikabaki nimekaa. Sijui hata leo kama ilikuwa utii au woga.

Aliyetoka ni mama mkwe. Nilisikia mlango wa ua ukilia na ndara zake zikipiga chini.

"Nani kasema maiti? Asogee karibu, macho yangu haya hayamfikii."

"Ee, Mhehe katoka pangoni!" mzee akasema. Walikuwa watani, kwa kuwa zamani babu zao walipigana vita. "Rudi ndani, mama. Babu zenu walitukimbia hapahapa, leo mnataka maji yetu?"

"Babu zako ndio waliokimbilia matopeni kama kambale, ndiyo maana mnajua mifereji!"

Wakacheka, hata yule jirani. Nilimsikia akicheka na nikamchukia kidogo. Kicheko kilipokwisha mzee akasema kwa sauti nyingine, "Haya, dada yangu. Utani umekwisha. Sema."

"Mimi sina la kusema. Kutoka jiwe jeupe mpaka kwenye mkuyu nani alisafisha? Muulizeni huyo mwenye watoto, ndiye aliyekuwa pembeni yake."

Mzee akamgeukia jirani. "Umesikia. Alisafisha au hakusafisha?"

Ndege mmoja alikuwa analia kwenye mkuyu.

"Alisafisha," jirani akasema. "Na kipande changu pia alinimalizia. Nilikuwa na jipu."

"Jipu la wapi?" mtu akauliza.

"Matakoni," akasema, na wakacheka tena, lakini kwa chini.

Mzee alikohoa. "Basi sikilizeni. Mgao ni wa kazi iliyokwisha kufanyika. Hatumpi maiti maji, wala hatumpi mjane kwa huruma. Tunalipa jembe, mpaka mavuno. Mfereji ukijaa udongo tena na kazi mpya ikaanza, jembe lisilo na mkono litang'olewa. Hapo msije kulia."

"Na nani atafungua?" mama mkwe akauliza. "Mimi sitofautishi maji na mchanga."

"Atafungua huyu wa jipu."

Mama mkwe aliporudi ndani alikaa mkekani karibu yangu. Aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akasema, "Yule Msangu ni mbwa mzuri," akaanza kulia.

Tangu siku ile, zamu yetu ilipofika, jirani alikuja. Nilisikia ndara zake, kisha mkwaruzo wa jembe lake akiondoa udongo kwenye mchepuko, kisha maji. Yakishafika ya kutosha aliziba, akasogea kwenye matete na kusema kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta:

"Shemeji, jembe limekunywa."

Sikuruhusiwa kumjibu. Mara ya kwanza nilikaa tu, na nikamsikia anasubiri, kisha anaondoka. Mara ya pili nilichukua mchi nikapiga kinu kitupu, pigo moja. Akaenda zake. Ikawa desturi. Yeye anasema, mimi napiga kinu. Mama mkwe alisikia na hakukataza.

Nilikuwa naishi kwa ajili ya ule mlio. Kati ya zamu na zamu niliota mchana. Niliota kwamba jembe linainama kunywa kama ng'ombe, na kwamba mtu ameshika mpini, nikizunguka nione uso wake naye anazunguka pamoja nami.

Kuna zamu moja ambayo nataka kuieleza kama ilivyokuwa. Jua lilikuwa kali kwa muda mrefu na mama mkwe alikuwa ameniambia kwamba, kwa anavyosikia njiani, majaruba ya chini yanapasuka. Ya chini ni ya jirani. Alikuja saa yake. Nikasikia ndara zikisimama. Hakukwaruza udongo. Niliweka jicho kwenye upenyo nikaona mgongo wake tu. Alikuwa amesimama kwenye mfereji mkubwa, maji yanapita mbele yake yakielekea kwake mwenyewe, na mbele ya mchepuko wetu udongo umeziba. Alihitaji tu kutofanya kitu. Mama mkwe hangeona. Mimi nilikuwa ndani. Angeweza kusogea kwenye matete na kusema maneno yaleyale, nami ningepiga kinu.

Nilishika mchi. Sikujua naushika wa nini. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya jembe la mume wangu. Wanawe niliwajua, nilikuwa nimempaka mdogo wao mafuta kichwani. Nikajikuta siwezi kuomba afungue na siwezi kuomba asifungue.

Kisha akainama na kufungua. Maji yaliingia kwa nguvu, nikayasikia yakigonga mpini. Aliyaacha kipimo kilekile cha siku zote, akaziba, akaja kwenye matete.

"Shemeji. Shemeji, jembe limekunywa."

Nilipiga kinu. Hatukuwahi kuzungumzia siku ile, yeye wala mimi.

Mpunga wetu ulivunwa na mama mkwe na wanawake wa majirani nikiwa bado ndani. Sikuuona ukiwa umesimama, wala ukiwa wa njano. Niliuona umelazwa uani. Ulikuwa na punje nzito, na kulikuwa na mapepe pia, siyo machache. Wa jirani ulikuwa na mapepe zaidi. Baada ya kupura na kupepeta mama mkwe aligawa kwa mikono, akipapasa, maana mikono yake iliona kuliko macho. Fungu la mbegu, la zaka, la wavunaji. Fungu la aliyefungua maji akalifanya kubwa, akanituma nilisogeze lile la mbegu ili achote humo kumwongezea. Kisha akatenga mafungu ya kula, na nikaona ametenga matatu. Alikaa akiyapapasa. Akalichota lile la tatu akaligawa kwenye mengine mawili.

"Nimezoea watatu," akasema.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa kanga ya rangi, nikatoka kwa mlango wa ua nikazunguka nyuma. Jembe lilikuwa limeegemea kidogo, upande wa mkuyu. Chuma kilikuwa na kutu hadi pale tope lilipofika. Sikuling'oa. Baadaye baba zake wadogo walinipeleka Iringa kwenye kaburi, nikasoma nilichokijua, lakini pale mbele ya ule udongo sikumpata. Nilimpata niliporudi Rujewa nikaona mpini.

Kaka yangu alishuka kutoka milimani kunichukua. "Twende nyumbani," alisema. "Hapa huna mtoto, huna mume. Unakaa na nini?" Mama mkwe alisikia, akasema niende, asingenilaumu. Alikuwa anachambua mchele huku anasema, na alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Nilibaki. Sikubaki kwa ujasiri, mtu asinisifu. Siku zile hata kufunga mzigo nilikuwa sijui nianzie wapi. Na nililiwaza jembe. Kazi mpya ya mfereji ilikuwa inakaribia, na mzee alikuwa ameshasema. Jembe likishang'olewa, yule mama atakula kwa huruma ya watu, na jina la mtoto wake halitatajwa tena pale mchepukoni.

Siku ya kusafisha nililing'oa mwenyewe, nikalisugua kutu kwa mchanga. Hakukuwa na mwanamke kwenye mstari ule. Nilisimama kwenye jiwe jeupe, jirani pembeni yangu, mwingine akanong'ona, mwingine akapiga mluzi. Mzee wa mfereji alikuja akihesabu watu, akafika kwangu.

"Na huyu nani?"

Jirani akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Jembe, mzee. Lilelile."

Mzee alinitazama, akatazama mikono yangu. "Naona limepata mkono," akasema. "Ila Mhehe wangu kule ndani asije akajisifu." Akapita.

Nilisafisha kutoka jiwe jeupe mpaka kwenye mkuyu. Ilinichukua muda mrefu kuliko wanaume, na hakuna aliyenisaidia, na sikutaka. Nilikaa Rujewa mpaka nilipomzika yule mama, ndipo nikarudi milimani. Namlilia yeye kama ninavyomlilia mwanawe, siku nyingine zaidi.

Lakini ninachokikumbuka redio ikisema mgao ni zamu yangu ya kwanza. Mto ulikuwa umejaa, hakuna aliyekuwa na shida, jirani alikuwa mbali kwenye majaruba yake. Nilisimama mchepukoni nimekunja kanga, nikakwaruza udongo, na maji yakageuka yakaingia kwetu, ya baridi, yakanipita vifundoni. Niliyaacha kipimo chake. Nikaziba. Kisha sikujua nimwambie nani. Nikasogea kwenye matete.

"Mama," nikasema, "jembe limekunywa."

Ndani, mchi ukapiga kinu, pigo moja.